Jinsi ya kupokezana kijiti kwa mkono wa chini kama Asahara na wenzake wa Japani

Ukitafuta video ya fainali ya kupokezana kijiti 4x100 wanaume (watu wanne, kila mmoja mita 100), Olimpiki ya Beijing, tarehe 22 Agosti 2008, utakuta kamera yote imewaganda Jamaika, na ni haki yao, siku ile walikimbia sekunde 37.10 na ilikuwa rekodi ya dunia. Ila nakuomba irudie tena, safari hii usimwangalie Bolt. Angalia nyuma huko, kuna jamaa wa Japani anavuka mstari akiwa wa tatu, mtu mzima wa miaka 36, halafu anakirusha kijiti juu kwa nguvu zake zote kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Huyo ndo Nobuharu Asahara, na mwongozo huu wote umeanzia kwenye mkono wake wa kushoto.

Naandika kwa sababu kila mwaka naona yaleyale. Timu ya 4x100 inachagua watu wanne wenye mbio, wanapigishwa mita 100 mpaka wanatapika, kijiti chenyewe wanakishika siku mbili kabla ya mashindano, halafu kikianguka tunasema bahati mbaya. Bahati gani sasa. Na mi siongei kama mtu msafi, nimewahi kuwa mkimbiaji wa tatu kwenye timu yetu ya vijana, nikakipokea kijiti nje ya eneo la kupokezana kwa hatua mbili hivi, nikakimbia kona nzima najisifu moyoni, kufika mwisho naambiwa tulishatolewa kabla sijamaliza hiyo kona.

Asahara kwanza, kwa kifupi, maana bila yeye hutaelewa kwa nini Wajapani walihangaika na kijiti kiasi hiki. Alizaliwa Kobe mwaka 1972, shuleni alicheza mpira wa mikono, akaja kuruka chini, na aliruka kweli maana rekodi yake binafsi ni mita 8.13. Akasoma chuo kikuu cha Doshisha, akachukuliwa na kampuni ya Osaka Gas, huko Japani wanariadha wengi wakubwa wanakuwa waajiriwa wa kampuni namna hiyo. Mita 100 alivunja rekodi ya taifa zaidi ya mara moja, mwaka 1997 akawa Mjapani wa kwanza kushuka chini ya 10.10 alipokimbia 10.08, na mwaka 2001 kule Oslo akagonga 10.02. Hiyo ndo ikabaki bora yake maisha yote. Yaani sekunde 10 kamili aliziona kwa macho, hakuzivuka.

Sasa ona upande wa kijiti. Atlanta 1996 timu yao ikatoka kwenye mchujo. Sydney 2000 nafasi ya 6. Athens 2004 nafasi ya 4, ile nafasi inayouma kuliko zote. Mashindano ya dunia ya Osaka 2007, nyumbani kwao, wakakimbia 38.03, rekodi ya Asia kwa wakati huo, wakawa wa 5. Beijing wakarudi watu walewale wanne kwa mpangilio uleule: Naoki Tsukahara, Shingo Suetsugu, Shinji Takahira, Asahara. Wakakimbia 38.15. Soma tena, walikuwa wazito kuliko Osaka na bado wakapata shaba, kwa sababu kwenye mchujo Marekani walidondosha kijiti na Uingereza wakatolewa kwa kupokezana nje ya eneo. Brazili walioshika nafasi ya nne walikuwa na 38.24. Tofauti ni 0.09. Hiyo sio spidi ya miguu bwana, hiyo ni kiganja kimoja kilichochelewa kufunguka.

Na Asahara mwenyewe Beijing hiyohiyo kwenye mita 100 ya peke yake alitoka mchujo wa kwanza. Hapo ndo pa kukaa ukatafakari kama we ni kocha na unapanga timu kwa kuangalia muda wa mtu mmojammoja.

Haya tuingie kazini.

Kuna namna mbili za kupokezana. Ile ya juu ndo wengi wanaijua, anayepokea ananyoosha mkono nyuma, kiganja kinatazama juu, anayetoa anakishusha kijiti pale. Ya chini ni kinyume, anayepokea mkono wake hauendi mbali, unabaki karibu na usawa wa nyonga, kiganja kinatazama chini na nyuma, kidole gumba kimeachana na vidole vingine kama herufi V iliyopinduliwa, halafu mwenzake anakisukuma kijiti kutoka chini kwenda juu mpaka kinaingia kwenye hiyo V. Japani waliihamia hii ya chini mwaka 2001 na hawajaiacha.

Kwa nini? Jaribu mwenyewe hapo ulipo, simama, kimbia papo hapo huku umenyoosha mkono mmoja nyuma usawa wa bega. Unajisikiaje? Kiwiliwili kinainama, bega linafungwa, spidi inakufa. Sasa kimbia mkono ukiwa chini karibu na nyonga. Unaona, ni kama unakimbia kawaida tu. Hiyo ndo faida, anayepokea anaendelea kuongeza mwendo wakati anapokea. Hasara ipo na usidanganywe, kwenye ile ya juu mikono miwili iliyonyooka inakupa umbali wa bure kati yenu, ya chini inawalazimisha msogeleane zaidi. Kwa hiyo kama nyie ni watu warefu wenye mikono mirefu na mnaelewana vizuri na staili ya juu, sioni sababu ya kubadilisha. Ila kama watu wenu wa pili na wa nne wanapoa kila wakipokea, hii ya chini itawasaidia.

Kabla hujaweka mtu barabarani, piga hesabu hii. Jumlisha muda bora wa mita 100 wa watu wako wanne, halafu toa muda wa timu. Wajapani wa Rio 2016, waliopata medali ya fedha kwa 37.60, walikuwa Ryota Yamagata 10.05, Shota Iizuka 10.22, Yoshihide Kiryu 10.01 na Asuka Cambridge 10.10. Jumla ni 40.38. Toa 37.60 unabaki na 2.78. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameshuka chini ya 10 wakati ule, na wakawaacha Kanada na Marekani nyuma (Marekani baadae wakatolewa kabisa). Hiyo 2.78 inatokana na watu watatu kuanza mita zao tayari wakiwa kwenye mwendo, na kijiti kutosimama njiani. Piga yako. Mi nikikuta timu iko chini ya 2 huwa siongezi zoezi la mbio hata moja, najua shida iko mikononi.

Kupanga watu. Wa kwanza anatoka kwenye bloku (vile vibao vya kusukumia miguu) na kukimbia kona, kwa hiyo anatakiwa awe na mshtuko mzuri wa kuanza, na kazi ya kupokea hana. Wa pili ana mstari mnyoofu mrefu, anapokea na anatoa, na ukihesabu maeneo ya kupokezana huyu anaweza kukimbia na kijiti zaidi ya mita 100, ndo maana Suetsugu alifaa sana pale, ni mtu wa mita 200 aliyepata shaba ya dunia Paris 2003. Wa tatu naye anapokea na kutoa ila yeye yuko kwenye kona, Takahira naye mtu wa 200. Wa mwisho anapokea tu, na hapo watu wanakosea wanaweka mwenye mbio kuliko wote bila kuangalia kichwa chake. Weka mtu asiyeondoka mapema kwa pupa akiona wa njia ya jirani ameshapokea. Asahara pale hakuwa na mwili wa mwaka 2001, ila alikuwa amesimama kwenye ile alama miaka mingi kuliko wote.

Mikono sasa. Wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Sababu ni kona, anayekimbia kona anabana upande wa ndani wa njia yake na kijiti kiko mkono wa kulia, kwa hiyo anayempokea anasimama upande wa nje wa njia na anapokea kwa kushoto, hawagongani. Wa pili akija anakimbia upande wa nje na kijiti kiko kushoto, wa tatu anamsubiri upande wa ndani na mkono wa kulia. Na marufuku kuhamisha kijiti kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ukiwa unakimbia, sheria haikukatazi, nakukataza mimi.

Sasa kushika, na hapa naomba utulie maana hii staili inavunjikia hapa. Kijiti kina urefu wa sentimita 28 hadi 30 tu, uzito sio chini ya gramu 50, ni bomba tupu ndani. Kwenye kupokezana kwa chini kila anayepokea anashika juu ya mkono wa mwenzake, kwa hiyo kijiti kinaliwa kidogokidogo, wa kwanza kashika kitako, wa pili juu yake, wa tatu juu zaidi, na wa nne akifika anakuta kipande kimebaki kama cha chaki. Dawa yake ni mbili. Wa kwanza ashike kitako kabisa, mwisho kabisa, hata kidole kidogo kiwe kinakaribia kutoka nje. Halafu kila anayepokea asifumbate mpaka ahisi ngozi ya mwenzake, kabisa mkono uguse mkono, hapo ndo unafunga vidole. Ukiacha pengo la vidole viwili kila mara, wa nne hana cha kushika. Mnapoanza mazoezi ya taratibu chora kijiti kwa kalamu, mstari wa mkono wa kila mmoja unapotakiwa kuishia, muone wenyewe mnakila kwa kasi gani. Siku ya kwanza nilipofanya hivi na vijana, wa nne alikuwa anashika sentimita nne, anacheka anasema kocha mbona mimi nimeachiwa mfupa.

Anayetoa, usikipige kijiti juu kama unapiga nzi. Mkono unatoka kwenye mzunguko wake wa kawaida wa kukimbia, unapokuja mbele ndo unausukuma kijiti kwenye V, na unaendelea kukishikilia mpaka mwenzako akivute. Nusu ya vijiti vinavyoanguka vinaanguka kwa sababu aliyetoa ameachia mapema akidhani kazi yake imeisha. Na we unayepokea, ukishaushusha mkono wako usiutafutetafute hewani, weka uwe mgumu kama mpini, anayeona ni yule wa nyuma, we huoni, kazi ya kulenga ni yake.

Sauti. Wajapani wanasema "hai!", neno moja fupi linalotoka kifuani. Nyie chagueni lenu, liwe silabi moja au mbili na lisifanane na majina ya watu au makelele ya kawaida ya uwanjani. Utaratibu: anayetoa anaita, anayepokea anamaliza hatua moja ya mkono halafu mkono unabaki nyuma, kijiti kinaingia. Msiitane kwa mbali mkipaniki, ukiita mapema mwenzako atakimbia hatua tano na mkono umetoka nyuma, ile faida yote niliyokueleza imeenda na maji.

Alama ya kuondokea ndo moyo wa kila kitu. Zamani, enzi za Asahara, eneo la kupokezana lilikuwa mita 20 na kabla yake kuna mita 10 za kuanzia kukimbia ambapo kupokezana hakuruhusiwi, ila kwa sheria mpya zote zimeunganishwa zikawa mita 30, unaruhusiwa kupokea popote humo. Usidanganyike ukapokea mwanzoni kwa sababu tu inaruhusiwa, hapo bado mwenzako hajachangamka. Lenga mita ya 20 hadi ya 25, mwendo wenu ukiwa umekaribiana.

Anayepokea anasimama mwanzo wa eneo, halafu anahesabu nyayo za viatu vyake kurudi nyuma, kisigino kinagusa kidole, moja mbili tatu, na pale mwisho anabandika tepu. Sheria inakupa tepu moja tu, isizidi sentimita 5 kwa 40, na rangi yake isichanganye na mistari mingine. Kwa timu inayoanza weka nyayo 20. Mwenzako akikanyaga usawa wa tepu, unaondoka. Haunyati wala hauangalii nyuma mara ya pili, unaondoka kama bunduki imelia. Kama amekukuta mapema mkagongana, ongeza unyayo mmoja. Kama hajakufikia mpaka mmetoka nje ya eneo, punguza mmoja. Usibadilishe tatu kwa mara moja, na usibadilishe kwa sababu ya jaribio moja ambalo mtu alikuwa amechoka. Upepo pia, mwenzako akija na upepo mgongoni atakufikia haraka, akija nao usoni atachelewa, kwa hiyo siku ya mashindano fanyeni jaribio moja au mawili palepale kabla ya kukubali namba za mazoezini.

Tatizo kubwa hapa huwa ni roho, sio nyayo. Anayepokea anaogopa kumwacha mwenzake, kwa hiyo anaondoka nusu nusu, na kijiti kinafika vizuri tu lakini wote wawili wanatembea. Kocha anapiga makofi kijiti hakijaanguka, kumbe wamepoteza theluthi ya sekunde. Mazoezini mi nataka kuona mara mojamoja anayepokea anatoroka kabisa hafikiwi, hiyo inaniambia anaondoka kwa imani.

Kupima, usimpime mtu, pima kijiti. Weka koni mwanzo wa eneo na nyingine mita 10 baada ya eneo kuisha, jumla mita 40, washa saa kijiti kikipita koni ya kwanza, zima kikipita ya pili. Hiyo namba ndo mnaishusha wiki hadi wiki. Simu ikirekodi kutoka pembeni inatosha kabisa, video unaisogeza taratibu unaona mkono ulitoka lini, sauti ilitoka lini.

Sheria mbili tatu za kukumbuka maana watu wanatolewa kizembe. Kinachoangaliwa ni kijiti kiko wapi, sio miguu yenu, mguu wako unaweza kuwa nje lakini kijiti kikiwa bado ndani ya eneo mko salama, na kinyume chake mmetolewa. Kijiti kikianguka anakiokota aliyekiangusha, anaweza kutoka kwenye njia yake kukifuata ilimradi asimzuie mtu na asipunguze umbali. Glavu hamna, na kupaka kitu mkononi ili kijiti kinate hamna. Ukishatoa kijiti baki kwenye njia yako mpaka wengine wapite, usikate kwenda kukumbatia watu.

Na kama unadhani hii staili ni salama kwa sababu Wajapani wanaitumia, hapana. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, kwao, wakiwa na rekodi ya Asia ya 37.43 waliyoiweka Doha 2019, fainali iliishia kwenye kupokezana kwa kwanza kabisa. Shuhei Tada kwenda kwa Yamagata, kijiti hakikufika ndani ya eneo, wakasimama. Ndo gharama ya kubana alama mpaka mwisho, kwa hiyo wekeni namba mbili, ya mchujo iwe ya usalama, ya fainali iwe kali zaidi, na mjue mapema ni nani anaamua.

Asahara alistaafu Septemba hiyohiyo ya 2008, kule Kawasaki. Baadae akawa na klabu ya riadha ya watoto, NOBY, chini ya mwajiri wake uleule wa gesi. Shaba yake ya Beijing ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanaume wa Japani kwenye mbio za uwanjani, na kwa taifa zima ilikuwa imepita miaka 80 tangu Kinue Hitomi apate fedha ya mita 800 Amsterdam 1928. Halafu sampuli za zamani za Nesta Carter wa timu ile ya Jamaika zilipopimwa upya zikakutwa na dawa iliyokatazwa, Januari 2017 Jamaika wakanyang'anywa dhahabu, rufaa ikagonga mwamba 2018, Trinidad na Tobago wakapanda juu na ile shaba ya Asahara ikageuka fedha akiwa ameshastaafu karibu miaka kumi.

Kitu cha mwisho kwa mkimbiaji wako wa nne, mwambie wazi maana wengine wakiona picha ile wanaiga vibaya: kijiti kinatakiwa kiwe mkononi mpaka uvuke mstari. Asahara alivuka kwanza. Ukishavuka, rusha utakavyo, ila angalia kinaangukia wapi, maana kile cha kuazima lazima kirudishwe.